Lugha ya simu ilipobadilika, hisa zikawa mikopo

Katika nyumba nyingi za vijijini simu janja ni moja, lakini wenyewe ni wengi. Asubuhi ni ya baba anayeulizia bei ya choroko, mchana ni ya mtoto anayetafuta maana ya neno alilopewa shuleni, jioni ni ya mama anayepokea salamu za ndugu walioko Mwanza. Kila mmoja huiweka apendavyo. Huyu anaongeza sauti, yule anabadilisha picha ya mbele, mwingine anapunguza mwanga ili chaji ifike kesho. Anayefuata hukuta mabadiliko hayo, akaguna kidogo, akaendelea na shughuli zake.

Kubadilisha lugha ya simu huhesabiwa kuwa jambo dogo kama hayo. Watu husema maneno yamegeuka tu, kazi ni ileile. Bibi mmoja wa Dutwa, wilayani Bariadi, naye aliamini hivyo, mpaka siku wanawake 14 wa kikundi chake waliposomewa madeni wasiyoyajua.

Dutwa iko kwenye barabara itokayo Lamadi kwenda Bariadi, mkoani Simiyu. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012, na ukiutaja, mtu wa kwanza kukujibu atakutajia pamba. Pesa ya pamba huja kwa msimu. Ununuzi ukishafunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, nyumba hupumua, madeni hulipwa na sare za shule hununuliwa. Msimu ukipita, miezi inayobaki ni mirefu. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa vina uzito kwa akina mama wa huko. Mtoto akiugua Februari, hakuna pamba ya kuuza Februari. Kuna sanduku.

Sanduku la kikundi hiki lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Wanachama wote ni 23. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila wiki mtu anaruhusiwa kununua kuanzia hisa moja hadi tano. Mkopo una riba ya asilimia 10. Bibi ndiye mweka hazina, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka sita. Elimu yake iliishia darasa la saba, lakini hesabu za kichwa hazimpigi chenga, na mwandiko wake kwenye daftari hausumbui kusoma. Kwa miaka yote hiyo haijawahi kupungua hata shilingi mia.

Mwaka jana kikundi kiliamua kuweka hesabu zake pia kwenye programu ya simu. Kijana aliyewafundisha aliiweka kwa Kiswahili. Ukigusa jina la mwanachama, inafunguka orodha ya mistari minne: Faini, Hisa, Jamii, Mkopo. Unagusa mstari unaotaka, unaandika kiasi, unabonyeza Hifadhi. Bibi alijifunza kwa siku mbili. Baada ya wiki chache hakuwa tena na haja ya kusoma mistari, kwa kuwa kidole kilishajua njia: jina, mstari wa pili, kiasi, Hifadhi.

Asidhani mtu kwamba huo ni uzembe. Ndivyo watu wengi walivyojifunza kutumia simu. M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu walizoea kutuma na kupokea pesa kwa kukariri namba: moja, kisha hii, kisha ile. Wengi hawakusoma orodha nzima hata siku moja. Mikono iliyozoea kitochi ndiyo ileile iliyohamia kwenye simu ya kupangusa.

Mjukuu wake anasoma kidato cha pili. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za serikali, na hesabu zilikuwa somo lake. Alipoingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, na jina lake likashuka kutoka juu ya orodha hadi katikati. Mwalimu aliwaambia wajizoeze lugha hiyo kila wanapopata nafasi. Nyumbani kwao huzungumzwa Kisukuma, na Kiswahili mgeni akija. Nafasi ya Kiingereza aliyoiona binti huyo ilikuwa moja tu, simu ya bibi yake.

Jioni moja, baada ya mkutano wa kikundi, Bibi alikaa uani akihamisha hesabu kutoka kwenye daftari kwenda kwenye simu. Alikuwa amemaliza watu tisa. Mjukuu akamwomba simu kidogo, kuna neno la bayolojia analitafuta. Bibi akampa, akaenda kuangalia mboga jikoni. Binti akatafuta neno lake, kisha akaingia kwenye mipangilio na kuigeuza simu yote kuwa ya Kiingereza. Programu ya kikundi hakuifunga. Aliiacha palepale ilipokuwa.

Bibi aliporudi alikuta majina ni yaleyale na watu wake tisa wako salama na pesa zao. Aliona maneno yamebadilika, maana si mara ya kwanza mjukuu kufanya hivyo. Akagusa jina la kumi. Mstari wa kwanza uliandikwa "Fines", neno linalofanana sana na Faini, akatulia. Mstari wa pili uliandikwa "Loans". Hakulijua neno hilo, lakini mstari wa pili ni hisa, na siku zote umekuwa hisa. Mstari wa tatu uliandikwa "Shares". Huo aliuogopa kabisa. Mjukuu alishamwambia kwamba neno "Share" likiwa chini ya picha maana yake ni kuwatumia wengine, naye hakutaka siri za kikundi zizagae mitandaoni. Akaandika shilingi 6,000 kwenye mstari wa pili, akahifadhi, akaendelea hadi jina la 23. Chaji ilikuwa inaisha, kwa hiyo hakufungua ukurasa wa jumla.

Kilichotokea ndani ya simu ni rahisi kueleza. Programu nyingi haziandiki maneno ya kioo ndani ya kazi yenyewe. Kila neno lina jina lake la ndani, na kila lugha ina faili lake la maneno. Programu inapotaka kuonyesha mstari wa hisa, huliita lile jina la ndani, na faili la lugha iliyochaguliwa hujibu. Lugha ikibadilishwa wakati programu iko wazi, simu ya Android kwa kawaida huubomoa ukurasa ulio mbele na kuujenga upya kwa maneno ya faili jingine, kisha hurudisha kile ambacho mtengenezaji aliagiza kitunzwe. Yote hayo huchukua kufumba na kufumbua. Kama mtengenezaji hakuwa makini, ulichokuwa hujahifadhi hupotea. Kama alikuwa makini, kila kitu hurudi mahali pake.

Programu ya Bibi ilitunza kila kitu, na tatizo lilianzia kwenye mpangilio. Mtengenezaji alikuwa ameipanga ile mistari minne kwa alfabeti. Kwa Kiswahili ni Faini, Hisa, Jamii, Mkopo. Kwa Kiingereza faini inabaki ya kwanza, lakini mkopo unapanda hadi nafasi ya pili, hisa zinashuka hadi ya tatu, na mfuko wa jamii unakwenda mwisho. Kidole cha Bibi kilipita njia yake ya kila wiki na kufika nyumba nyingine.

Mkutano uliofuata, mwenyekiti alianza kusoma salio la kila mtu kutoka kwenye simu. Tisa wa kwanza hawakuwa na neno. Wa kumi aliambiwa anadaiwa shilingi 6,600 pamoja na riba. Akacheka, akidhani ni utani. Wa 11 naye anadaiwa. Wa 12 alisimama. Walipofika wa mwisho kicheko kilikuwa kimekwisha, kwa sababu waliotajwa walikuwa 14 na hakuna hata mmoja aliyekopa wiki ile.

Sanduku likafunguliwa, pesa zikahesabiwa mara mbili. Hazikupungua. Zilizidi kile kilichoandikwa kwenye simu kwa shilingi 168,000.

Mtu asiyewahi kukaa kwenye vikundi angedhani pesa zikizidi watu hufurahi. Hawafurahi. Pesa iliyopungua ina mwizi, na iliyozidi ina siri. Wanawake walianza kunong'onezana. Mmoja alisema wazi kwamba huenda hesabu zimekuwa zikichezewa siku nyingi, na leo mchezo umekosewa. Bibi alikaa na daftari mapajani asijue aanzie wapi. Miaka sita ya uaminifu ilikuwa inapimwa mbele yake kwa dakika chache.

Katibu wa kikundi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliomba kimya, akaandika 168,000 kwenye karatasi, akaigawa kwa mbili. Alikuwa anafuata kanuni ya zamani ya watunza hesabu. Pesa iliyoingia ikiandikwa kuwa imetoka, kosa huwa mara mbili ya kiasi chenyewe, kwa sababu haikujumlishwa ilipostahili, halafu ikatolewa isipostahili. Nusu ya 168,000 ni 84,000. Akamwambia Bibi, "Mayu, tutafutie 84,000 kwenye daftari lako."

Ilipatikana. Hisa za wiki ile, kuanzia jina la kumi hadi la 23, zilikuwa 42. Mara 2,000 ni 84,000 kamili. Kila shilingi iliyosomwa kuwa deni ilikuwa akiba ya mwenyewe. Daftari lile, ambalo baadhi yao walishasema ni la kizamani, ndilo lililomtoa Bibi kwenye aibu.

Hata hivyo neno lilishatoka. Mama mmoja kijana alifika nyumbani na kukuta mume wake amekwisha kusikia barabarani kwamba mke ana deni la shilingi 11,000 asilolijua yeye. Shilingi zile hazikumkasirisha mume kama kufichwa. Usiku ule hawakula pamoja. Asubuhi yake Bibi alifunga kanga, akamchukua katibu na daftari, wakaenda hadi kwenye mji ule. Baada ya mwangaluka na habari za watoto, alimwonyesha yule baba mstari kwa mstari kwamba mkewe alikuwa ameweka hisa tano. Baba alisoma mwenyewe, akashukuru, na akamwita mkewe palepale mbele ya wageni.

Mazungumzo yaliyokuwa magumu zaidi yalikuwa ya nyumbani. Mjukuu alikuja mwenyewe.

"Bibi, ni mimi niliyegeuza lugha."

"Najua. Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utaona."

"Niliona, mjukuu wangu. Nilidhani ni maneno tu."

Binti alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nyumbani. Alisema hata yeye ndivyo ilivyomtokea shuleni. Eneo la duara alilijua tangu darasa la saba, nusukipenyo alikijua, lakini swali lilipokuja kwa lugha nyingine aliandika namba sahihi kwenye kanuni isiyo yake. Mwalimu akaandika kwamba hajui hesabu. Naye akaanza kuamini kuwa hajui.

Bibi hakumgombeza tena. Siku tatu zilizopita yeye mwenyewe alikuwa ametazamwa na wenzake kama mtu asiyejua kazi, wakati kazi aliijua na neno ndilo lililomponyoka. Mtu akikosea lugha inapobadilishwa katikati ya kazi, wanaomtazama huona ujinga. Ni haki aulizwe kwanza kwa lugha anayoijua kabla hajahukumiwa. Haki hiyo Bibi aliipata kwa sababu ya daftari la Kiswahili. Mjukuu wake hakuwa ameipata bado, na tangu jioni ile wawili hao hufanya maswali ya hesabu pamoja, kwanza kwa Kiswahili, halafu binti huyaandika upya kwa Kiingereza.

Swali la simu lilibaki: iwe ya nani? Kwenye kikundi walikuwapo waliosema binti asiiguse tena. Wapo pia vijana wanaoona simu ya Kiswahili ni ushamba, na wenzake shuleni walishamcheka kwa hilo. Hao hawajui kwamba maneno hayo ya Kiswahili yametolewa jasho. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao katika mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema na mtumiaji kwa Kiswahili, baada ya kazi ndefu ya kukubaliana neno moja moja. Facebook ya Kiswahili ilifuata mwaka 2009. Leo mtu akibonyeza Hifadhi au Ghairi, anatumia matunda ya watu waliokaa wakabishana ili mama wa Dutwa asilazimike kukisia.

Suluhisho lilipatikana bila kumnyima mtu. Tangu Android 13 iliyotoka mwaka 2022, simu inaweza kuipa kila programu lugha yake. Simu ya Bibi ina uwezo huo. Simu yenyewe na programu ya kikundi zimebaki Kiswahili. Kamusi ya binti na programu anazosomea zimewekwa Kiingereza. Kila mmoja akifungua chake, hakuna anayemwingilia mwenzake.

Wenye simu za zamani hawana uwezo huo, lakini wana mdomo wa kuambiana. Asiguse lugha mtu kabla ya kuuliza kama kuna kazi iliyo wazi. Kama ipo, imalizwe, ihifadhiwe na programu ifungwe kabisa. Kwenye kompyuta za steshenari, Microsoft Word na LibreOffice zenyewe humtaka mtu afunge na kufungua upya ndipo lugha mpya ianze kutumika. Wengi huliona hilo ni usumbufu. Kwa hesabu za watu 23, usumbufu huo ni ulinzi, na watengenezaji wa programu za pesa wangefanya vyema kuuiga, au angalau kupanga mistari kwa kazi yake badala ya alfabeti, ili hisa ibaki mahali pamoja kwa lugha yoyote.

Ukikuta simu imegeuka na huelewi lolote, tafuta alama ya gurudumu lenye meno, hiyo ndiyo mipangilio. Ndani yake, orodha ya lugha huandika kila lugha kwa jina lake yenyewe, hivyo neno Kiswahili utalikuta limeandikwa Kiswahili hata kama kila kitu kingine ni kigeni. Angalia na tarehe. Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, na deni la kulipwa tarehe 5 Juni litaandikwa 6/5, ambayo kwetu ni tarehe 6 Mei. Mtu anaweza kutozwa faini ya kuchelewa mwezi mzima kabla ya siku yake.

Kikundi kilisahihisha makosa yote 14 kwenye mkutano uliofuata, moja baada ya jingine, huku kila mwanachama akisikia lake likisomwa na viongozi watatu wakitia saini. Waliongeza kanuni moja kwenye katiba yao: baada ya kuingiza hesabu za mkutano, mweka hazina atasoma ukurasa wa jumla kwa sauti mbele ya katibu, na jumla ya simu ilingane na jumla ya daftari kabla sanduku halijafungwa.

Bibi bado ni mweka hazina. Ndani ya jalada la daftari lake mjukuu amemwandikia maneno manne kwa lugha mbili, kila neno na mwenzake, na Bibi ameshayajua yote. Kazi huianzia kwenye daftari kwa kalamu, na simu huifungua baadaye.